Betri ya moyo wodini: shajara ya mafunzo ya wauguzi, wiki ya 1 hadi ya 13

Wiki ya 1

Mradi umeruhusiwa. Mganga Mfawidhi alisaini barua jana mchana, na Katibu wa hospitali akanikabidhi ufunguo wa chumba cha mikutano, kila Alhamisi kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri, kwa sharti kwamba viti nivirudishe nilivyovikuta. Fedha zilizopo ni za chai na karatasi. Posho hakuna, na hilo nimelitangaza mapema ili asije mtu akaninunia katikati ya safari.

Kwa atakayesoma daftari hili baada yangu: tuko kusini, mkoa wa korosho. Hapa kwetu hatupandikizi vifaa vya moyo. Wagonjwa hupelekwa Dar es Salaam, wengi wao Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, huwekewa betri (pacemaker, kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua kinachopigisha moyo kwa umeme kupitia waya), hulazwa siku chache, kisha hupanda basi kurudi kwao. Kuanzia hapo ni wetu. Kidonda, homa, ujauzito, ngiri, ajali ya bodaboda, yote ya miaka kumi inayofuata yanamkuta muuguzi ambaye pengine hajawahi kukiona kifaa hicho hata kwenye picha.

Kilichonisukuma ni mzee mmoja mvuvi tuliyempokea mwaka jana, wiki ya tatu tangu atoke Dar. Kifua cha kushoto kilikuwa kimevimba juu ya betri, na katikati ya uvimbe palikuwa na alama ndogo ya sindano. Alipita mahali akahudumiwa, mtu mwenye nia njema akaona damu imevilia, akaivuta. Alipotufikia alikuwa anatetemeka kwa homa na usaha unachungulia. Alirudishwa Dar, kikatolewa kila kitu, betri na waya, akaanza upya. Siandiki ilikuwa wapi. Kusema kweli, ingeweza kuwa wodini kwangu.

Kazi ya wiki hii ilikuwa ndogo: niliwagawia wauguzi 22 wa wodi nne karatasi nyeupe yenye swali moja. "Mgonjwa mwenye betri ya moyo ameingia zamu yako. Utaanza na nini?" Bila majina. Wengi waliandika "nitamwita daktari." Kadhaa waliandika kwamba watamnyang'anya simu. Mmoja aliandika "nitasali," na sijui kama alikuwa anatania.

Wiki ya 2

Somo la kwanza. Limeharibika, na aliyeliharibu ni mimi.

Nilikuja na picha 61 za kwenye projekta. Nikaanza na historia, na hapo angalau walikuwa nami. Niliwasimulia Arne Larsson, Msweden, ambaye Oktoba 1958 pale hospitali ya Karolinska, Stockholm, alikuwa anazimia mara nyingi kwa siku moja, na mkewe Else-Marie akawaganda daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kumtengenezea kitu ambacho hakijawahi kuwekwa ndani ya mwili wa mtu. Kifaa chenyewe kilimiminwa kwenye umbo la kopo la dawa ya viatu. Kilifanya kazi saa chache tu. Wakaweka cha pili. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 maishani mwake, akafa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa saratani, baada ya kuwazika wote wawili, daktari na mhandisi. Darasa likacheka, Sista mmoja wa wodi ya wazazi akasema, "Huyo mke ndiye aliyempandikiza."

Kisha nikaingia kwenye herufi zinazoeleza betri imepangwa kufanya kazi vipi. Herufi ya kwanza ni chumba cha moyo kinachopigishwa, ya pili ni chumba kinachosikilizwa, ya tatu ni jinsi kifaa kinavyojibu kikisikia pigo. VVI, DDD, VVIR. Baada ya nusu saa niliona macho yamekufa. Mama mmoja, muuguzi mwenye miaka thelathini kazini, amenyoosha mkono kwa upole: "Mdogo wangu, hizo herufi zitanisaidia nini saa nane za usiku, niko peke yangu na wagonjwa arobaini?"

Sikuwa na jibu. Nilimaliza picha zangu kwa sababu nilikuwa nimezianza, watu wakanywa chai, wakaondoka.

Wiki ya 3

Nimetupa picha 50. Swali la yule mama nimeliandika kwenye karatasi kubwa, nimelibandika ukutani, na kila ninachotaka kufundisha nakipitisha hapo kwanza. Kitamsaidia nini saa nane za usiku?

Tulianza na kadi. Kila aliyewekewa kifaa hupewa kadi yenye jina la kampuni, aina ya betri, aina ya waya, siku iliyowekwa, hospitali, na mara nyingi kiwango cha chini cha mapigo. Wagonjwa wetu wanaithamini sana kadi hiyo, ndiyo maana hawatembei nayo. Iko nyumbani sandukuni, kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na hati ya shamba. Tumekubaliana kwamba yeyote atakayempokea mgonjwa wa namna hii ataomba ndugu aipige picha na kuituma kwa simu siku hiyohiyo, na nakala ibandikwe ndani ya jalada la faili, upande wa kushoto. Sista wa mapokezi amelalamika kwamba upande wa kushoto ni wa bima. Tumeafikiana upande wa kulia.

Muda mwingi uliobaki tuliutumia kwenye maneno. Hapa kwetu kila mtu husema "betri ya moyo," hata madaktari, na mimi sina ugomvi na jina hilo. Ila neno betri lina mizigo yake. Dada mmoja wa wodi ya wanawake alisimulia mgonjwa aliyemwuliza ataichaji wapi, maana kwao kuna sola tu na mawingu yakifunga haifiki usiku. Mwingine aliogopa kuoga. Basi tukatunga jibu la pamoja, kwa maneno ambayo bibi yeyote atayaelewa: haichajiwi, imezibwa, maji hayaingii, itadumu miaka mingi, na ikikaribia kuisha kliniki itajua mapema kabla yako, hapo utafunguliwa pale pale, boksi litabadilishwa, na waya zikiwa nzima zitabaki. Kuhusu simu: tumia, ila iweke sikio la upande mwingine, na usiitie mfuko wa shati juu ya betri. Sentimita 15 zinatosha, yaani kama urefu wa kalamu.

Na kwa nini aliwekewa? Hapo nilitaka tena kuchora mishipa ya umeme ya moyo, nikajizuia. Mmoja wao alisema vizuri kuliko mimi: "Chumba cha juu kinaita, cha chini hakisikii, betri ndiyo mjumbe." Nimeiba.

Wiki ya 4

Vidole kwanza, mashine baadaye. Hili ndilo somo ninaloliamini kuliko yote, na ninajua kwa nini.

Nilipokuwa muuguzi mpya, hospitali kubwa, si hapa, nilipewa mama wa makamo aliyekuwa siku ya pili tangu awekewe betri. Monita ilikuwa inaonyesha 60, imetulia kama saa ya ukutani. Nilipita nikaangalia namba, nikaandika 60 kwenye chati, nikaenda kitanda kingine. Niliporudi macho yake yalikuwa yamepinduka na midomo imebadilika rangi. Monita bado 60. Muuguzi mwandamizi alinisukuma pembeni, akaweka vidole viwili shingoni mwa yule mama, akahesabu kwa sauti. Mapigo yalikuwa 28 kwa dakika.

Waya ulikuwa umesogea. Betri ilikuwa inatuma umeme wake kama kawaida, mara 60, lakini moyo haukuwa unajibu. Na monita, maskini, ilikuwa inahesabu ule mwiba wa umeme, alama ya betri kwenye kioo, kama pigo la moyo. Yule mama alipona, alirudishwa thieta waya ukarekebishwa. Mimi niliandika maelezo ya kurasa mbili na sikulala vizuri mwezi mzima.

Kwa hiyo leo tulifanya hivi. Kila mtu alimshika mwenzake mkono akahesabu mapigo dakika nzima kwa saa, si sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne. Kisha nikawaonyesha kwenye monita zetu kitufe cha kuiambia mashine kwamba mgonjwa huyu ana betri, ili iutambue mwiba na isiuhesabu. Katika monita tatu tulizonazo, hakuna hata moja iliyokuwa imewashwa kitufe hicho, na hakuna aliyejua kipo. Nikawaonyesha pia wimbi la kidole, lile la kipimo cha oksijeni: kama namba ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na namba ya kidole hazifanani, amini kidole, nenda kashike mgonjwa.

Swali zuri: mapigo yakiwa chini ya namba ya kadi, ni kosa la betri moja kwa moja? La. Baadhi ya betri hupangwa zishuke kidogo mgonjwa akilala. Na moyo ukiruka mapigo ya ziada, mengine huwa dhaifu hayafiki kwenye kifundo cha mkono, ukahesabu pungufu. Ndiyo maana baada ya vidole huja ECG, halafu daktari, halafu simu Dar. Lakini mgonjwa mwenye kizunguzungu na mapigo 40 wakati kadi inasema 60 hasubiri mjadala huo uishe.

Kingine tulichokiona: kwenye karatasi ya ECG ya mgonjwa wetu mmoja mwiba hauonekani kabisa. Betri za siku hizi hutuma umeme kwenye ncha mbili zilizo karibu, mwiba unakuwa mdogo mno, na vichujio vya mashine huufuta. Kutoonekana kwa mwiba hakumaanishi betri imekufa. Mama wa saa nane za usiku aliandika hilo kwa herufi kubwa na kulipigia mstari.

Wiki ya 5

Kidonda. Nimefurahia somo hili kupita kiasi, labda kwa sababu lilinitoa jasho la kuliandaa.

Hatuna mdoli wa kufundishia. Nilikwenda buchani nikaomba kipande cha ngozi ya mbuzi, nikakisafisha kwa sabuni mara tatu na bado kilinuka, nikakinyoosha juu ya sponji ya godoro, na katikati nikaweka kiberiti kilichofungwa plasta. Hiyo ndiyo betri chini ya ngozi. Kipande cha pili nilikitia, juu ya kiberiti, kidole cha glovu kilichojazwa maji na kufungwa. Hiyo ndiyo damu iliyovilia. Cha tatu nilikipaka rangi nyekundu na kukitia gozi lenye uji wa muhogo, na hicho sihitaji kueleza.

Walipita mmoja mmoja, wakiwa wamefumba macho, wakagusa. Kufumba macho lilikuwa wazo la Sista wa thieta na lilifanya kazi ajabu. Kiberiti kina kingo; ukikisikia kwa kingo zake, ni sawa. Ukisikia kitu kinaogelea na kingo zimepotea, kuna damu au maji. Ukisikia joto, wekundu, ngozi imekuwa nyembamba inang'aa, au kona ya betri inataka kutoboa, huyo anaondoka leo.

Na sindano hapana. Nimelisema mpaka wamenichoka. Mfuko ule wa chini ya ngozi hauko peke yake, una waya unaopita ndani ya mshipa hadi ndani ya moyo. Sindano ikiingiza vijidudu mfukoni, vina barabara ya lami mpaka moyoni. Damu iliyovilia mara nyingi mwili huimeza wenyewe. Kazi ya muuguzi ni kuchora mstari wa kalamu kuzunguka uvimbe, kuandika saa na tarehe pembeni ya mstari, kuuliza kama mgonjwa anakunywa dawa za kuzuia damu kuganda, kupima joto, na kupiga simu. Uvimbe ukivuka mstari, piga tena.

Kijana mmoja wa wodi ya wanaume akauliza, je, kama daktari ndiye anayeomba sindano? Kimya. Nikamwambia amwonyeshe karatasi, na kama daktari bado anaitaka, apige simu Dar wakiwa wote wawili wamesimama hapo. Najua ni rahisi kusema ukiwa darasani.

Mkono ulituchukua muda kuliko nilivyopanga. Maelezo ya kawaida ni kwamba mkono wa upande wa betri usipande juu ya bega kwa wiki nne hadi sita, waya upate kushika. Sawa, lakini hapa kwetu mkono hupanda juu ya bega kwa mambo gani? Wakaanza kutaja: kujitwisha ndoo, kutwanga, kusukana nywele, kutupa jarife, kukung'uta mkorosho, kuanika nguo, kupanda daladala ukishika bomba. Tumeiandika orodha hiyo yote. Mgonjwa ukimwambia "usiinue mkono" anaitikia ndiyo, kisha anakwenda kisimani. Ukimwambia "ndoo ajitwishe mwanao mpaka mwezi na nusu uishe," ameelewa, na mwanaye pia amesikia.

Upande wa pili kuna wanaoogopa mno. Tuna bibi aliyefunga mkono kwa kanga miezi miwili bila kuufungua, sasa bega limekufa ganzi na halizunguki. Kwa hiyo: chini ya bega aucheze, awe anakula nao, anafua vitu vyepesi. Na asiichezee betri yenyewe kwa vidole. Kuna wanaoizungusha chini ya ngozi kama mtu anayezungusha pete, waya ukajisokota mpaka ukang'oka moyoni.

Wiki ya 6

Hakukuwa na somo. Kampeni ya chanjo, nusu ya darasa iko vijijini. Nimerudisha ngozi ya mbuzi kwa mbwa wa mlinzi.

Wiki ya 7

Daktari wa moyo kutoka Dar alipita kwa kliniki ya mkoba, akatuachia sumaku. Ni ya duara, ina tundu katikati, nzito kama mawe mawili ya mizani. Kila mtu alitaka kuishika.

Hapa ndipo palipo na hatari ya kujifunza nusu. Ukiweka sumaku juu ya betri ya kawaida, betri huacha kusikiliza moyo na kupiga tu kwa mwendo wake uliopangwa kiwandani. Mwendo huo unategemea kampuni: betri ya Medtronic yenye nguvu hupiga 85, ikikaribia kuisha hushuka hadi 65, ya Boston Scientific hupiga 100, ikishuka hadi 85 ni wakati wa kubadilishwa. Zipo pia zinazofanya hivyo kwa mapigo kumi tu ya mwanzo, kisha zinarudi kawaida. Ukiitoa sumaku, mambo yanarudi yalivyokuwa.

Kishtua moyo ni kitu kingine. Ni kifaa kinachofanana na betri kwa nje, kikubwa kidogo, lakini ndani yake kuna uwezo wa kupiga shoti moyo ukianza kwenda mbio za kifo. Huku sumaku inazuia shoti, basi. Upigishaji wa moyo haubadiliki hata kidogo. Kwa hiyo mtu akikuambia "weka sumaku," swali la kwanza ni "kwenye nini?" na jibu liko kwenye kadi. Nilirudia hili mara tatu, na bado kwenye jaribio la mdomo wanne walichanganya. Hawa ni wauguzi wazuri. Vifaa vyenyewe ndivyo vinavyochanganya.

Mkoa mzima tunajua mgonjwa mmoja tu mwenye kishtua moyo, nikafikiria kukipitia harakaharaka. Darasa lilikataa. Walitaka kujua mambo mawili. La kwanza: akipigwa shoti nyumbani afanye nini? Shoti moja na yuko sawa, apige simu kliniki siku hiyo. Shoti mbili au zaidi ndani ya saa 24, au moja lakini ana maumivu, anahema au amezimia, aje hospitali mara moja. La pili, aliuliza yule kijana wa wodi ya wanaume: "Nikiwa nambonyeza kifua, kile kitu kikapiga, na mimi nitarushwa?" Hutarushwa. Unaweza kusikia mtekenyo mkononi, glovu umevaa, endelea kubonyeza. Na ukitumia mashine ya nje ya kushtua moyo, pedi usiiweke juu ya kifaa. Iweke angalau sentimita 8 mbali nacho, au moja mbele na nyingine mgongoni.

Sista wa thieta alikaa kimya muda wote huu, kisha akasema tuliwahi kumfanyia mtu ngiri hapa hapa bila kumwuliza mtu yeyote Dar, mashine ya umeme ya kuchoma mishipa ili damu ikome ikafanya kazi kama kawaida. Mgonjwa alitoka salama. Tulizungumza kwa nini ingeweza kuwa vinginevyo: umeme wa mashine ile betri huweza kuudhania ni mapigo ya moyo, ikanyamaza, na kama moyo wa mgonjwa hauna pigo lake mwenyewe, unanyamaza nao. Ile pedi ya mashine inayobandikwa mwilini kurudisha umeme ibandikwe pajani au matakoni ili umeme usipite kifuani, uchomaji uwe wa vipande vifupi, na mtu mmoja awe ameshika mapigo kwa mkono. Ameahidi kuliingiza swali "una betri ya moyo?" kwenye fomu ya thieta. Mtu wa eksirei naye akasema eksirei na altrasaundi hazina neno, MRI, ile mashine ya picha yenye sumaku kubwa, ndiyo ya kuuliza Dar kwanza, betri pamoja na waya, si betri peke yake.

Wiki ya 8

Mgeni wetu alikuwa mwalimu mstaafu mwenye betri mwaka wa sita. Nilimwomba azungumze dakika kumi, akazungumza saa nzima, na akamnyamazisha mtu aliyekuwa anachezea simu. Alisema kilichomuumiza zaidi hospitalini hakikuwa kidonda. Wauguzi wawili walisimama miguuni pake wakibishana kwa sauti kama inaruhusiwa kumpima presha mkono wa kushoto. "Nikajua hawa hawajui, na mimi ndiye niliyelala."

Mwishoni aliuliza yeye: "Hizi betri za msaada wanazopewa wasio na uwezo, ni za wafu?" Wote wakanitazama. Nikamjibu kama ninavyojua. Betri ni ghali kuliko uwezo wa wengi, na kuna nchi ambako zilizotolewa kwenye miili ya marehemu kwa ridhaa husafishwa, hupimwa nguvu na kuondolewa vijidudu upya, kisha hutumika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia wagonjwa 1,051 wa Mexico, Jamhuri ya Dominika, Guatemala na Honduras waliowekewa za namna hiyo, ukawalinganisha na 3,153 wa Kanada waliowekewa mpya. Kwa miaka miwili, maambukizi au kifo kilichotokana na kifaa vilikuwa asilimia 2.0 kwao na 1.2 kwa wenye mpya, tofauti ambayo kitakwimu haikuonekana kuwa ya uhakika. Yake yeye ilikuwa mpya, imeandikwa kwenye kadi. Akasema, "Hata ingekuwa ya marehemu, ningemwombea dua kila Ijumaa."

Nyuma kabisa alikuwa ameketi mhudumu wa mochwari. Sikumwalika, alisikia kuna chai. Akauliza swali ambalo kwenye mpango wangu wote halikuwemo: mwili ukiwa wa kuchomwa, kama wanavyofanya ndugu zetu Wahindu, betri inatolewa au inaachwa? Inatolewa. Ina lithiamu ndani, kwenye moto mkali inalipuka, inavunja tanuri na inaweza kumjeruhi mtu. Kwa mwili wa kuzikwa haina madhara, unaoshwa na kuvikwa sanda kama kawaida. Mhudumu akatikisa kichwa taratibu, akasema anamkumbuka mmoja, na ilikuwa bahati tu kwamba mwanaye alisema. Sasa mochwari nayo ina karatasi yetu ukutani.

Wiki ya 10

Mtihani, wa mikono tu. Meza nne: kadi, mapigo, kidonda, sumaku. Waliomaliza mafunzo ni 19 kati ya 22, na waliofaulu meza zote kwa mara ya kwanza ni 13. Meza ya sumaku ndiyo iliyowaangusha karibu wote walioanguka. Watarudia wiki ijayo, nami nitaifundisha upya, safari hii na vifaa viwili vya karatasi, kimoja chekundu kimoja cheupe. Mama wa saa nane za usiku alipita zote akaniuliza kama na mimi nimefanya mtihani.

Jambo lililonikosesha raha: nilipokuwa naandika ripoti kwa Matroni, nilisoma tena ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Yule mvuvi hakuchomwa sindano wodini kwetu. Wiki kumi nimewafundisha watu walio umbali wa hatua hamsini kutoka kwa daktari, wakati zahanati zote za wilayani, anapofika mgonjwa kwanza, sikuwagusa.

Tumeanza kutengeneza karatasi moja ya kulaminishwa. Daktari mmoja kijana alitaka iwe ya Kiingereza, ya kitaalamu. Nilimwuliza itasomwa na nani, tukabishana, tukapatana: mbele Kiswahili, nyuma maneno yake. Mbele kuna mistari mitano. Omba kadi. Hesabu mapigo kwa vidole, dakika nzima. Uvimbe chora mstari. Sindano hapana. Piga namba hii.

Wiki ya 12, usiku

Simu imelia saa nne na nusu. Muuguzi wa zahanati, njia ya kuelekea mtoni, simjui. Ana mama wa miaka hamsini na kitu, siku ya tisa tangu atoke Dar, amevimba juu ya betri. Nikamwuliza umemgusa kwa sindano? "Hapana Dada, binamu yangu yuko wodini kwenu alituambia nyumbani msichome." Mstari je? "Nimechora tangu saa kumi na mbili. Haujavuka." Joto 37.1, mapigo 62 kwa vidole, kadi haipo lakini mumewe ameifuata kwa pikipiki.

Karatasi yetu bado haijafika huko. Haijatoka hata kwa mchapaji.

Wiki ya 13

Yule mama alikuja kwa basi la asubuhi, daktari alimwona, Dar wakashauri aangaliwe tu. Uvimbe umepungua nusu. Amelazwa kitanda cha pili kutoka mlangoni na anawalalamikia wauguzi kwamba wanamshika mkono kila saa.

Sumaku ilipotea Jumanne. Tuliitafuta thieta, stoo, mpaka kwenye ndoo za taka. Imeonekana Ijumaa kwenye mlango wa friji ya chanjo, imeshikilia ratiba ya zamu. Sasa imefungwa kwa kamba kwenye toroli ya dharura na kamba ina fundo tatu.

Laminisho: karatasi 40, zinachukuliwa Jumatatu. Nauli ya kwenda zahanati sita za kwanza nimeiombea kibali, faili liko mezani kwa Katibu. Nimenunua ngozi nyingine ya mbuzi.